Hiki Msihesabu

Mwalimu wetu hakutaka watu wa kubuni. Jumapili ya kwanza tulipokutana, baada ya ibada, katika darasa la shule moja ya msingi kule Dagoretti, alituonya tusimletee tajiri wa kwenye televisheni wala mlevi anayepepesuka kama walevi wote wa michezo.

"Kila mmoja aniletee mtu," alisema. "Mtu anayepumua. Anavyofungua mlango, anavyosema 'karibu' na hataki uingie."

Kazi hiyo tuliiita kuazima. Ulimwazima mtu unayemjua, ukamleta darasani, ukamtembeza kati ya madawati, na wenzako wakicheka vizuri aliingizwa kwenye mchezo. Tulikuwa kumi na wanne, karibu wote wanakwaya. Hakuna aliyelipwa. Mwalimu mwenyewe alikuwa karani wa faili katika hospitali moja ya Parklands, na usanii wake ulikuwa wa Jumapili tu.

Mimi nilikuwa na daftari. Niliiomba kazi hiyo ili nisisimame mbele ya watu. Waigizaji walitunga maneno wakiwa wamesimama, nami nikayaandika. Kwa kuwa mkono wangu hauendi mbio, walilazimika kuyarudia mara mbili, mara tatu. Mwalimu aligundua kwamba mara ya tatu maneno yanakuja mafupi na makali zaidi, basi akaifanya desturi. "Mngojeeni," alisema. "Hakuna kuendelea mpaka kalamu isimame." Kilichoandikwa daftarini ndicho kilichosemwa, na wenzangu wakaacha jina langu wakaniita Daftari.

Lakini hata mimi nilitakiwa kuleta mtu. Nilimleta Shosho.

Shosho, yaani bibi kwa Kikuyu, kama wote tunavyomwita, ndiye mwenye ploti tunayoishi mimi na mama, vyumba kumi na viwili vya mabati vinavyotazamana, na nyumba yake ya mawe mwisho kabisa. Sisi tulitoka magharibi nikiwa darasa la pili. Yeye ni wa pale pale. Ardhi ile ilikuwa ya mumewe, na ya baba wa mumewe kabla yake. Ni yeye aliyempa mama nafasi ya kuweka kibanda cha mboga kando ya lango. Hakukuwa na karatasi. Alionyesha kwa kidole tu, "Weka hapo, Mama Mboga, lakini usinizibie njia," na kutoka kwa kidole kile tumekula mpaka leo.

Mumewe alipofariki, nilikuwa miongoni mwa wasichana waliosaidia kuosha vyombo jikoni kwake. Jioni, watu walipokwisha kuondoka, vijana wa kukodisha viti walikuja na lori. Shosho alisimama nyuma ya nyumba na nguo zake nyeusi na kuhesabu kwa sauti. "Hamsini na mbili! Wewe, rudisha hicho, sijakihesabu! Ati umeshahesabu? Ni wewe umefiwa?" Vijana waliinama nyuma ya lori wakijizuia kucheka. Wasichana wenzangu walikwenda kutazama, mimi nikabaki na masufuria.

Vilipokwisha kupakiwa, kilisalia kiti kimoja karibu na mlango wa jikoni. Kilikuwa cha mbao, cha nyumbani, cha mumewe, chenye mto uliopauka. Vijana walikuwa mbele wakifunga turubai. Shosho aliweka mkono kwenye mgongo wa kiti kile na kusema polepole, "Hiki msihesabu. Mwenyewe anakuja."

Hapakuwa na mtu wa kuambiwa. Nilikuwa nyuma ya mlango, mikono ndani ya povu, na nilikaa vile vile bila kuigusa sufuria mpaka alipoondoka.

Hilo ndilo nililolipeleka darasani. Nilianza na kuhesabu tu, kwa sauti ndogo, nikitazama sakafu. Walicheka. Sikuwahi kuchekesha watu kumi na watatu kwa wakati mmoja, na nilitaka waendelee. Nikawapa na kile kiti. Walicheka zaidi, na msusi mmoja mwenye saluni Kangemi, ndiye aliyekuwa na sauti nzuri kuliko sote, akasimama hapo hapo akaweka mkono juu ya mgongo wa dawati.

"Hiki msihesabu," alisema, na shingo ikawa ya Shosho kabisa ingawa hajawahi kumwona. "Mwenyewe anakuja!"

Na mlinzi wa ghorofa moja la ofisi Westlands, kijana mnene mcheshi, akafungua mlango wa darasa kutoka nje na kuingia akisema, "Mmeniita?"

Mwalimu alipiga makofi. Mchezo wetu ulipatikana siku ile. Mjane mwenye ploti, mkali, anayehesabu kila kitu; wapangaji wanaotaka kumwoza ili apoe; mchinjaji wa kutoka machinjioni anayeingia wakati mbaya kila mara na kukalia kiti kisicho chake. Wimbo mkubwa ukawa wa viti:

"Vilikuja mia moja, na virudi mia moja,
Aliyekalia changu asiniletee hoja!"

Kwaya iliuimba kwa sauti nne, wakihesabu na kupanda juu, kisha kinanda kinanyamaza, msusi anafika kwenye kiti cha mwisho na kusema lile neno. Mlinzi aliyeigiza mchinjaji hakuweza kuona jukwaa kutoka nyuma ya mlango wake wa ubao. Alilisubiri neno lile. Akilisikia, anaingia. Niliandika hivyo na kulipigia mstari mara mbili.

Kwa miezi minne halikunisumbua. Shosho hakuwa mtu wa michezo.

Alhamisi kabla ya Jumamosi yetu ya kuigiza, nilimkuta mama akipanga nyanya na uso wa furaha.

"Nimemwambia Shosho," alisema.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba mtoto wangu ameandika mchezo na unachezwa mjini. Alifurahi! Anakuja na wanawake wa kikundi chake wote. Wamepanga gari."

Nilishika ubao wa kibanda.

"Kwani una nini?" mama aliuliza. "Ni aibu? Hata hutaonekana, si uko nyuma ya pazia?"

Usiku huo nilifungua daftari na kulikata lile neno kwa kalamu mpaka karatasi ikachanika. Kisha nikakumbuka kwamba hakuna tena aliyehitaji daftari. Wote walikuwa nalo kichwani.

Kuhesabu viti kulikuwa na mashahidi. Vijana wa lori walikusikia, wasichana walikusikia. Neno la kiti cha mbao lilikuwa na shahidi mmoja tu. Shosho akilisikia jukwaani, hatahitaji kuuliza nani amelitoa. Nilimwona mawazoni akisimama mbele ya kibanda cha mama na kuonyesha kwa kidole kile kile, safari hii kuelekea barabarani.

Jumamosi saa saba mchana nilikuwa katika ukumbi wa kanisa moja katikati ya mji, nikimfuata Mwalimu huku na huku. Alikuwa akibandika karatasi zenye namba kwenye viti vya mbele.

"Mwalimu, kuna neno nataka litoke."

"Leo?"

"Lile la kiti."

Alinitazama kama niliyemwomba ang'oe mlango. "Daftari, ukitoa hilo, mchinjaji anaingia na nini? Na firimbi?" Akacheka, akanishika bega. "Ni woga. Hata mimi ninao. Kaa na kalamu yako."

Ningemwambia sababu. Nilifungua mdomo, akaja mtu kuuliza habari ya kinanda, na nikaufunga.

Saa tisa ukumbi ulikuwa karibu kujaa. Nilichungulia penye upenyo wa pazia na kuwaona, safu ya tatu, wanawake tisa wenye vitambaa vya kichwa vya rangi moja, na Shosho katikati, mkoba mapajani. Mama alikuwa safu mbili nyuma yao.

Na Mwalimu, ambaye hawezi kuanza jambo lolote bila maombi, alitembeza macho akitafuta mtu mzima wa kutuombea. Nilijua yatakapotua kabla hayajatua.

"Shosho, tafadhali. Utubariki."

Alisimama. Ukumbi wote ukasimama naye. Aliomba kwa Kikuyu kidogo, kisha akahamia Kiswahili ili wote tuingie ndani yake. Aliombea barabara, aliombea serikali, aliwaombea wenye njaa. Kisha akasema, "Na hawa vijana, Baba, ambao hawako vilabuni, wamekaa wakafanya kazi ya mikono yao. Na yule mtoto wa ploti yangu, ambaye haongei, lakini umempa kalamu. Yabariki maneno aliyoyaandika."

"Amina," walisema watu mia mbili.

Nilimkimbilia msusi. Alikuwa ameshavaa sketi ya kitambaa cheusi na kilemba cha mjane, akijipaka poda kwenye nyusi ili zizeeke.

"Usiseme lile la kiti," nilimwambia. "Ni huyo. Aliyeomba. Ni yeye niliyemwazima."

Poda ilisimama hewani. "Huyo? Wee! Na mbona hukuniambia? Nimekutana naye hapo mlangoni nikamsalimia na sauti yake! Ati 'Ingieni, lakini miguu mmepangusa?' Aki ameniangalia!"

"Alisema nini?"

"Alipangusa miguu." Akaketi. "Daftari, wewe utaniua. Sawa. Kuhesabu siwezi kuacha, ndio wimbo. Lakini lile nitaliruka. Mwambie mchinjaji aingie bila."

Nilikwenda kumtafuta mlinzi. Alikuwa ameshajipanga upande wa pili, nyuma ya mlango wa ubao, na njia ya kufika huko ilikuwa moja tu, kupitia jukwaani. Kinanda kilikuwa kimeanza. Nilimpa ujumbe msichana wa sauti ya pili ambaye angepita upande ule akicheza. Nilimwona akipita, akicheza vizuri sana, na hakugeuza kichwa hata kidogo kuelekea ule mlango. Baadaye aliniambia alisahau alipoona watu.

Watu walicheka tangu mwanzo. Sikuwasikia vizuri. Nilikuwa namtazama mtu mmoja kwenye upenyo. Msusi alipotoka mara ya kwanza na kupitisha kidole juu ya dirisha la mpangaji kutafuta vumbi, wanawake wa kikundi walipigana mabega. Shosho alitabasamu kidogo. Msusi alipoinua sketi kidogo kuruka mtaro, kama Shosho anavyoruka wa kwetu, tabasamu lilibaki lakini halikusogea. Wimbo wa viti ulipoanza, alishika mkoba kwa mikono miwili.

"Hamsini na mbili!" kwaya iliita.

"Rudisha hicho!" msusi aliimba. "Ni wewe umefiwa?"

Ukumbi ulilipuka. Mwanamke aliyekaa kando ya Shosho alimwinamia sikioni akasema kitu huku akicheka, na Shosho akatikisa kichwa, akiangalia mbele.

Kisha kinanda kikanyamaza. Msusi alifika kwenye kiti cha mwisho. Aliweka mkono juu ya mgongo wake, kwa sababu mkono ulishazoea, na akafunga mdomo.

Mlango wa ubao haukufunguka.

Alihesabu tena, akijitahidi. "Mia moja." Akazunguka kiti. "Mia moja kamili." Watu walicheka kidogo. Alinitupia macho kupitia pazia, na kwaya nzima ikanitazama, watu kumi wakisubiri niwape neno jingine. Nilikuwa na daftari lililo wazi na karatasi iliyochanika. Nilitafuta neno lolote litakalomtoa mlinzi kule nyuma. Kila nililolipata lilikuwa refu mno, na nilipolianza mdomoni, lilikuwa limeshachelewa. Kicheko kilikwisha. Mtu alikohoa. Mtoto aliuliza kwa nguvu, "Mama, amesahau?"

"Hicho msihesabu."

Ilitoka safu ya tatu. Haikuwa sauti ya kuigiza, ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeongea na kiti, lakini ukumbi ulikuwa kimya kiasi hicho.

"Mwenyewe anakuja," Shosho alisema.

Mlango wa ubao ulifunguka, mlinzi akaingia na kisu cha plastiki na aproni yenye rangi nyekundu, akiita, "Mmeniita?"

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Walisimama. Walimgeukia Shosho na kumpigia makofi, wakidhani Mwalimu alimpanga pale makusudi. Wanawake wa kikundi walimpiga piga mgongoni. "Kumbe ulikuwa na kazi hapa na umetunyamazia!" Yeye alibeba mkoba wake, akapita mbele ya magoti yao, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Nilimpa msichana wa kwaya daftari, nikatoka pia.

Alikuwa kwenye benchi katika korido, chini ya ubao wa matangazo ya kanisa. Nilisimama mbali kidogo. Ndani, mlinzi alikuwa ameanza wimbo wake wa mchinjaji.

"Nani mwingine alikuwa jikoni?" aliuliza bila kunitazama.

"Mimi tu, Shosho."

"Wewe tu." Aliinua kichwa. "Hata binti yangu hajui. Mimi mwenyewe sikujua kama nilitoa sauti."

Nilitazama matangazo ya kanisa juu ya kichwa chake.

"Uliwaambia, wakacheka?"

"Walicheka."

"Na wewe?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna aliyejua ila mimi.

"Nilicheka pia."

Alifungua mkoba, akaangalia ndani, akaufunga bila kutoa kitu.

"Huyo msichana wenu, analia wapi?"

"Halii mahali popote, Shosho. Ni mchezo wa kuchekesha."

"Hata mimi siku ile sikulia. Viti vilikuwa vingi." Akavuta pumzi kwa pua. "Mamako alijua haya?"

"Hapana. Hajui hata sasa."

"Basi mamako mwache. Haya ni yangu na yako."

Ndani, wimbo ulikuwa umekatika. Mlinzi alikuwa na tabia ya kusahau ubeti wa pili, na kila Jumapili nilimtajia. Sasa kinanda kilikuwa kikizunguka mahali pamoja, kikimngojea.

"Huyo amepotea," Shosho alisema.

"Ndiyo."

"Mwendee."

"Shosho, mimi..."

"Nimesema mwendee. Watu wamekaa."

Nilirudi. Nilimtajia ubeti wa pili, na wa tatu, na mchezo ukafika mwisho wake, mjane akakubali posa, kwaya ikaimba, Mwalimu akabebwa juu juu. Nilipotoka tena, benchi lilikuwa tupu. Wanawake wa kikundi walisema amekwenda kungoja kwenye gari.

Nilimwambia mama jioni ile ile, tukiwa tumeketi kitandani, viatu bado miguuni. Nilimwambia yote, na kwamba Shosho alisema mama hahusiki. Mama hakunigombeza. Alitoka nje, akaingiza mboga zilizobaki ndani ya nyumba, na mizani, na hata kile kigoda chake, vitu ambavyo kwa miaka yote hulala kibandani chini ya gunia.

Jumatatu alifungua na mafungu machache tu, akauza akiwa amesimama. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Saa moja Shosho alikuja kutoka nyumbani kwake, akaruka mtaro, akasimama mbele ya kibanda.

"Mama Mboga, leo sukuma ni kidogo hivi kwa nini?"

"Sikujua kama nitauza," mama alisema.

"Kwani nani amekufukuza?"

Shosho alichagua mafungu mawili, akalalamika kwamba moja lina wadudu, akayachukua yote mawili. Mchana mama alitoa kigoda.

Mwalimu anataka turudie mchezo Agosti. Msusi ameniuliza kama lile neno litakuwemo, na nimemwambia tukamwulize mwenyewe, lakini hakuna kati yetu ambaye amekwenda. Huwa najiambia nitakwenda. Mama hunituma kwake mara nyingine, na maziwa au ujumbe wa maji yaliyokatika. Zamani niliingia moja kwa moja mpaka jikoni na kuweka kitu mezani.

Sasa mlango ukiwa wazi kabisa, naye akiniona nikija tangu langoni, bado huuliza kwa sauti, "Nani?"

Nasema ni mimi.

"Ngoja hapo."

Kisha anatoka, anauvuta mlango nyuma yake mpaka ushike, na ndipo anaponiuliza nimetumwa nini.